Sanduku la Diski Nane

Binti aliingia jikoni akiwa amenyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja chini, akiutikisa kama mtu mwenye homa. Baba yake alikuwa sakafuni, amefungua mashine ya jokofu la muuza nyama juu ya magazeti makuukuu.

"Unaumwa?" akamwuliza kwa lugha ya alama, mikono ikiwa na grisi.

"Si mimi. Ni sanduku. Namba tano inatetemeka."

Mtaani walimwita Fundi Baridi kwa sababu ya hayo majokofu, na jina lenyewe alilipenda. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi jasho lilimtoka hata kabla hajasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali, akamfuata binti yake stoo.

Sanduku lilikaa kwenye rafu ya chini, pembeni ya makopo ya rangi: chuma cheusi chenye droo nane, kila droo na diski yake. Ndani ya diski hizo mlikuwa na kazi ya miaka kumi na mmoja. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa akitengeneza kamusi ya lugha ya alama. Alikuwa amerekodi watu viziwi zaidi ya mia mbili, wazee kwa watoto, kila alama mbele ya kamera tatu. Ofisi ya mradi ilinunua vifaa. Nyumba ikatoa stoo, umeme na subira. Binti yao, mwenyewe kiziwi tangu kuzaliwa, mwenye miaka ishirini na minne, ndiye aliyezikata na kuziunga video hizo. Alishinda mle kuanzia asubuhi hadi jioni, uso kwenye kompyuta, mgongo kwenye sanduku.

Alikishika kiganja cha baba yake, akakibandika juu ya droo ya tano. Chuma kilitetemeka, kikatulia, kikatetemeka tena. Fundi aliujua mtetemo wa namna ile. Kompresa iliyokaribia kukwama hupiga vivyo hivyo, na akiisikia kwa mteja huwa hasemi "tutaona", husema "ondoa vitu vyako sasa hivi."

Akainama kutazama taa. Saba zilikuwa kijani. Ya droo namba mbili ilikuwa imezimika.

"Hii imezimika lini?"

Binti aliinua mabega. Hakujua.

Fundi akakaa kwenye kiti cha binti yake, akafungua kumbukumbu za sanduku. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Diski namba mbili ilikufa miezi mitano iliyopita, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Sanduku lilipiga kengele siku hiyo, kama lilivyotengenezwa kufanya.

Na yeye ndiye aliyelinyamazisha. Aliikumbuka sana Jumanne ile. Mama yake alikuwa amelala na kichwa kinachomgonga, na kelele ya sanduku ilikuwa ikipenya ukutani: pii, pii, pii. Huko nyuma lilikuwa likilia hivyo kwa sababu ya joto tu, basi hakujisumbua kusoma. Alichukua koleo, akaingia stoo binti yake alipokuwa ametoka, akafungua mfuniko, akakata waya wa spika. Jumapili nitaliangalia vizuri, alijiambia. Jumapili kama ishirini hivi zilikuwa zimepita.

*

Mwalimu alirudi kutoka sokoni saa sita, akakuta mumewe na binti yake wamekaa mezani bila chai wala neno. Bibi, mama yake Fundi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akichambua mchele.

"Nani amekufa?" aliuliza Mwalimu. Aliuliza kwa mdomo na kwa mikono, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile: jambo zito halisemwi kwa mdomo peke yake.

"Diski," alisema Fundi. "Namba mbili imekufa. Namba tano inaumwa."

"Si uliniambia moja ikifa hakuna shida?"

"Moja. Moja ikifa, saba zilizobaki zinajua kilichokuwemo, na zinaweza kukirudisha. Zikifa mbili, ndiyo basi. Hata hizo sita nzima zitakuwa vyuma tu."

Mwalimu aliweka kikapu chini polepole, kama aliyebeba mayai. "Tunakabidhi kamusi baada ya miezi miwili."

"Najua."

"Wale wazee kumi na mmoja waliofariki. Yule mshona viatu. Alama zake za ngozi na sindano hakuna mwingine anayezijua. Zimo humo humo tu?"

"Humo humo tu."

"Sasa mbona halikulia? Si lina kengele?"

Swali hilo Fundi alikuwa akilisubiri tangu asubuhi. Alikuwa hata ameandaa jibu la kweli, amelipanga kichwani sentensi kwa sentensi. Lakini alipomtazama mkewe usoni, likatoka jibu lingine lenyewe.

"Sijui. Labda spika imeharibika. Vitu vyenyewe vimeshazeeka."

Dirishani, mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akarudi kwenye mchele wake.

*

Jambo moja Fundi alilijua kuliko watu wengi. Aliwahi kuitwa kwenye zahanati ambayo jokofu la chanjo lilikuwa linakufa, akamkuta fundi mwingine tayari ameshalifungua, dawa zikiwa bado ndani. Kosa hilo hakulisahau. Kabla hujashika bisibisi, unahamisha dawa.

Kwa hiyo hakugusa chochote. Alichukua karatasi kubwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaandika mpango kwa kalamu nyekundu, akaubandika kwenye mlango wa stoo. Sanduku lisizimwe kwa hali yoyote, maana diski kongwe ikisimama huenda isizunguke tena. Zitafutwe diski mpya nane, kubwa mara tatu ya hizi. Kila moja ijaribiwe siku mbili nzima kabla ya kuaminiwa. Nne ziingie kwenye kompyuta kuukuu ya mezani, na humo inakiliwe kila kitu, kwanza waliofariki, kisha kamera ya mbele ya kila mtu, kisha kamera za pembeni. Nakala ikishakamilika, hapo ndipo diski zote nane za zamani zitolewe, nne mpya zilizobaki ziingie kwenye sanduku, video zirudishwe, na kila faili lilinganishwe na mwenzake.

Mwalimu alisoma karatasi yote akiwa amefunga mikono kifuani. "Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Kwa nini usiitoe hiyo iliyokufa leo, ukaweka nzima, likajirekebisha?"

"Kwa sababu likijirekebisha litazisoma zote saba mchana kutwa bila kupumzika, na namba tano itakufa katikati. Mgonjwa wa moyo humwambii apande mlima."

"Na kunakili je? Huko si kusoma?"

"Ni kusoma. Lakini kila linachosoma tunakuwa tumeshakiokoa."

Mwalimu alisogea mlangoni. Aliinama, akaongeza kwa kalamu ile ile nyekundu, chini kabisa: Hakuna kupiga pasi. Hakuna mashine ya kufua. Alipomaliza akamtazama mumewe. "Umeme wa nyumba hii tunaujua wote," alisema.

*

Ofisa ununuzi wa mradi alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na meza yake ilikuwa tupu kabisa isipokuwa mihuri mitatu iliyopangwa kwa urefu. Aliwapokea Jumatatu, Fundi na binti yake, akasoma barua ya Mwalimu mara mbili.

"Diski nane," alisema. "Kwani flashi hazitoshi? Kijana wangu ana flashi moja, ameweka sinema zote humo."

"Zingehitajika flashi mia kadhaa, mama. Na flashi hupotea."

"Huyu binti naye amekuja kufanya nini? Anaelewa tunachosema?"

Fundi alihisi masikio yanamwaka. Kabla hajafungua mdomo, binti alikuwa ameshatoa daftari lake, ameandika mistari miwili, na kulisukuma mezani. Ofisa alivaa miwani akasoma: Nimesoma midomo yako tangu nilipoingia. Mimi ndiye ninayetengeneza video zote za mradi huu, na ndiye niliyegundua diski inakufa.

Ofisa alikohoa kidogo. "Basi karibu," alimwambia, mara hii akimgeukia, na akatoa fomu.

Ilikuwa fomu ya uharibifu wa mali, kurasa mbili. Fundi aliijaza haraka haraka hadi alipofika kifungu cha saba: Chanzo cha uharibifu, na sababu ya kutotoa taarifa mapema. Mistari minne mitupu iliachwa hapo. Kalamu ikasimama. Alijua kilichokuwa kikisemwa pale ofisini mwaka hadi mwaka, kwamba mali ya mradi haifai kukaa stoo ya mtu. Akiandika aliyoyafanya, sanduku lingebebwa wiki hiyo hiyo, liletwe kwenye kile chumba cha ghorofani ambako paa linavuja, na mkewe awe anaomba ruhusa kuitazama kazi yake mwenyewe.

Akaandika: Haijulikani.

Jioni Mwalimu alitia saini yake chini ya neno hilo kama mkuu wa mradi. Hakusoma kifungu cha saba. Alimwamini mumewe.

*

Diski zilifika siku ya tano, zikiwa zimefungwa kwenye sponji kama vikombe vya harusi. Binti alizipa namba kwa kalamu nyeupe. Zilijaribiwa siku mbili, na siku ya pili namba sita ikaanza kutoa makosa. Mwenye duka alikataa kuipokea, akidai wameiangusha. Fundi alikaa dukani kwake tangu asubuhi hadi wateja wakaanza kumwuliza yeye bei, ndipo mwenye duka akaichukua kwa hasira na kumpa nyingine.

Kunakili kukaanza. Nyumba nzima ikawa kama nyumba yenye mgonjwa mahututi. Watu walitembea polepole ukumbini, ingawa sanduku halikuwa na habari na hatua zao. Walivaa nguo zenye makunyanzi. Bibi alihamisha kiti chake kutoka dirishani hadi mlango wa stoo, akakaa hapo na fimbo yake mapajani, akamzuia hata mpima umeme aliyekuja kusoma mita.

"Mita iko nje, bwana. Huku ndani kuna wagonjwa."

Katika saa chache za kwanza waliofariki wote kumi na mmoja walikuwa wamehama. Binti alizipitia video zao moja moja, akaja kumshika mama yake bega: "Mshona viatu yuko salama." Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kidogo, akajifuta, akaenda kufundisha.

Siku ya tatu ya kunakili, namba tano ilianza kugonga kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Kasi ikashuka. Kilichochukua saa moja sasa kilichukua saa nne. Mwalimu alikuwa hajalala vizuri kwa wiki mbili, na uchovu ulikuwa unamtafutia mtu wa kumlaumu. Mchana, wakiwa mezani wote wanne, akaweka kijiko chini, akamgeukia binti yake.

"Wewe unashinda humo," alisema kwa mikono, kwa nguvu, vidole vikigongana. "Kila siku. Miezi mitano taa imezimika mita moja nyuma yako! Hukugeuka hata mara moja? Hata kufagia hufagii?"

Binti aliacha kutafuna. Uso wake ulijaa damu. Angeweza kujibu, kwa kawaida alikuwa na majibu ya haraka kuliko wote nyumbani. Lakini aliinamisha kichwa, akazungusha ngumi kifuani taratibu: "Samahani." Akabeba sahani yake, akatoka.

Fundi alibaki akiitazama chumvi.

Bibi hakujua alama nyingi, kama ishirini hivi, za kula na kulala na kupendana. Lakini alikuwa ameelewa yote. Alimngoja mwanawe ukumbini, akamshika mkono wa shati.

"Ulikata ule waya kwa ajili ya kichwa changu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimenyamaza kwa sababu wewe ni mtu mzima, una nyumba yako. Lakini mjukuu wangu hatabeba mzigo wako mbele ya macho yangu. Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mwenyewe, mama."

"Lini?"

"Sasa hivi."

*

Aliwaita wote stoo. Palikuwa padogo, wakasimama bega kwa bega, sanduku likigonga miguuni mwao. Fundi alijua akianza kwa mdomo atazungusha maneno, ataweka "labda" hapa na "kumbe" pale. Basi alianza kwa mikono. Katika lugha ile ni vigumu kusema jambo kama hilo huku ukitazama pembeni.

"Kengele ilifanya kazi. Ililia siku diski ilipokufa. Mimi nilikata waya." Vidole vyake viwili vilifunga kama mkasi. "Nilidhani ni joto. Nilisema nitaangalia, sikuangalia. Na nilipoulizwa, nilidanganya. Kwenye fomu pia nilidanganya." Akamgeukia binti yake. "Wewe huna kosa. Hata chembe."

Mwalimu alimgeukia. Alipoongea, alitumia mdomo tu, kwa sauti tambarare. "Fomu ile nimesaini mimi."

"Ndiyo."

"Jina langu liko chini ya uongo wako."

"Ndiyo."

"Na nimemtukana mwanangu."

Binti alipiga makofi mara mbili ili wamtazame. Alikuwa na hasira, lakini si ile waliyoitegemea.

"Ongeeni kwa mikono," alisema. "Mnanisahau tena. Miaka yote hii mimi ndiye ninayekaa na sanduku hili. Mimi! Na nyinyi mkaweka kengele. Kengele!" Aliziba masikio yake kwa dharau. "Hata waya usingekatwa, lingelia mchana kutwa na mimi nikiwa nimekaa hapa nimeligeuzia mgongo. Aliyekata waya ni baba. Lakini kuniweka na kengele mmeniweka wote wawili."

Mwalimu, aliyefundisha watoto viziwi miaka ishirini na minane, aliyehutubia mikutano kuhusu milango isiyo na taa na ofisi zisizo na wakalimani, alimtazama binti yake, kisha sanduku. Polepole akajiegemeza kwenye rafu.

"Ni kweli," alisema kwa mikono. Kisha tena: "Ni kweli. Haikunijia hata siku moja." Akamvuta binti yake, akamkumbatia, kidevu juu ya kichwa chake, na macho yake yakakutana na ya mumewe. Hayakuwa na msamaha bado.

"Kesho," alimwambia, mkono mmoja ukiwa huru, "utakwenda ofisini, urekebishe kifungu cha saba."

"Watalichukua sanduku."

"Walichukue. Utakwenda."

*

Ofisa ununuzi alisoma karatasi mpya bila kubadilika uso. Fundi alisimama, hakukaribishwa kiti, naye hakukitafuta. Mfukoni alikuwa na kipande cha ule waya alioukata, hata mwenyewe hakujua kwa nini alikibeba.

"Kwa hiyo uliandika uongo kwenye fomu ya ofisi."

"Ndiyo, mama."

"Na mkeo hakujua."

"Hakujua. Ndiyo maana nimekuja peke yangu. Kama kuna adhabu, iwe yangu."

Ofisa alivua miwani, ikaning'inia. "Unajua ni watu wangapi wamewahi kurudi kwenye meza hii kurekebisha fomu waliyodanganya? Nina miaka kumi na saba hapa." Akatikisa kichwa. "Hakuna. Sasa hata sijui nitumie muhuri gani."

Alifungua droo, akafunga, akaandika kwa muda pembeni ya karatasi. Fundi alijaribu kusoma kichwa chini miguu juu, akashindwa, moyo ukimdunda kama ile namba tano.

"Nimeandika hivi," alisema ofisa. "Sanduku linabaki kwenu. Ile nakala mnayoitengeneza, mkimaliza itakaa hapa, kwenye kabati la chuma, si kile chumba kinachovuja. Kila mwezi tutapokea ripoti ya hali ya diski. Na atakayesaini ripoti si wewe, wala si Mwalimu. Ni yule binti."

Fundi alishika ukingo wa meza. Hewa aliyokuwa ameibana kifuani tangu Jumamosi ile ilitoka yote kwa pamoja, ikatoa sauti ya ajabu, hadi karani wa meza ya pili akainua kichwa.

"Kaa chini, baba," alisema ofisa. "Usije ukaniangukia hapa, hilo nalo lina fomu yake."

*

Alipofika nyumbani, saa tisa alasiri, alimkuta Bibi amesimama. Si kawaida yake kusimama saa hizo.

"Limenyamaza," alisema.

Fundi alimpita nusu akikimbia. Stoo, binti alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, viganja vyote viwili juu ya droo. Namba tano haikutetemeka wala kugonga. Taa yake ilikuwa imezimika kama ya namba mbili, na kwenye skrini sanduku lilikuwa limeandika kwamba halioni chochote ndani yake tena. Miaka kumi na mmoja, na mbele yao orodha tupu.

Mwalimu alikuwa mlangoni na begi lake la shule bado begani. Alikuwa amefika dakika mbili kabla yake. "Sema," alimwambia binti yake. "Haraka, sema tu. Imebaki nini?"

Binti aliinuka, akaenda kwenye kompyuta kuukuu, akafungua orodha ya vilivyonakiliwa na kuanza kuilinganisha na orodha aliyoichapa siku ya kwanza. Alishuka kwa kidole, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, wao wakiwa wamesimama nyuma yake. Fundi aliona mkono wa mkewe umeshika rafu hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Hakuthubutu kuugusa.

Hatimaye binti aligeuka. Uso wake ulikuwa na kitu kama mshangao.

"Zimekosekana faili tisa."

"Za nani?" Mwalimu aliuliza.

"Majaribio ya taa. Ile siku ya kwanza kabisa, mwaka ule, kabla hajaja mtu." Alionyesha ukuta kwa kidole. "Video tisa za ukuta mweupe."

"Nyingine?"

"Nyingine zote zipo."

Mwalimu alimtazama binti, akatazama ukuta, akamtazama mumewe. Kicheko kilimtoka puani kwanza. "Tumepoteza ukuta," alisema. Akashindwa kujizuia. Aliteleza taratibu mgongo ukisugua rafu hadi akakaa sakafuni na begi lake, akicheka huku machozi yakimtiririka, na binti akakaa juu ya miguu yake akicheka pia, ile sauti yake nzito asiyoisikia mwenyewe. Bibi alichungulia mlangoni, akauliza ni nini, na hakuna aliyeweza kumjibu.

*

Sehemu iliyobaki ya mpango ilikwenda kama ilivyoandikwa. Diski nane za zamani zilitolewa moja moja, Fundi akizipanga juu ya gazeti. Nne mpya ziliingia. Video zilirudi siku nne mfululizo. Siku ya pili umeme ulikatika saa tano asubuhi, betri ya akiba yenye uwezo wa dakika ishirini na mbili tu ikashika, umeme ukarudi dakika ya kumi na tisa, na Bibi akasema yeye mambo haya hayawezi tena, akaenda kulala.

Wakati faili zikilinganishwa, binti na baba yake walifunga taa kubwa ya njano, ya kuwaka badala ya kengele kulia, mbele ya meza yake, na nyingine ukumbini, na nyingine jikoni. Binti ndiye aliyechagua mahali. Fundi alishika ngazi na kupitisha nyaya, akafanya alivyoambiwa. Walipozijaribu, ziliwaka kwa nguvu kiasi kwamba jirani alipiga hodi kuuliza kama kuna moto.

Ulinganisho uliisha Jumapili, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu alikuwa akipakua, Bibi akiwa ameshakaa. Binti alitokea mlangoni, akaunda duara kwa vidole, akaliinua juu ya kichwa chake. Sifuri. Hakuna faili hata moja lililotofautiana na mwenzake.

Fundi alikuwa bado stoo, amekaa juu ya kopo la rangi. Alikuwa amebandua ile karatasi mlangoni, ameikunja mara nne, na sasa hakujua aipeleke wapi. Kwa wiki mbili alikuwa amelala kwenye godoro la ukumbini, akisema ni kwa ajili ya kulinda sanduku, na hakuna aliyembishia.

Mkewe alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Alilitazama sanduku, taa zake nne za kijani, kisha akamtazama yeye. Aliuweka mwiko juu ya rafu ili mikono yote miwili iwe huru.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Sijui itaisha lini. Huenda isiishe mwezi huu."

"Najua."

"Mgongo wako unauma?"

"Unauma," alikiri Fundi. "Lile godoro si la mtu wa umri wangu."

Mwalimu aliuchukua mwiko wake. Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposema, kwa mdomo tu, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kazi: "Lirudishe juu ya kabati leo. Haya, njoo ule, chakula kinapoa."

Fundi akainuka, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaenda kukaa mezani pamoja nao.